Shofere Bulaimu na Kioo cha Jipi

Wazee wetu, wandugu, wafanyakazi wenzake, na ninyi wote muliotembea kwa miguu toka Lusangi, nasimama mbele yenu mimi Kasimu, mudogo wa marehemu wa tumbo moja, nikishika karatasi ambayo sikuwaza hata kidogo kuiandika mwaka huu, kwa sababu siku ya Jumapili kaka yangu alikula ugali pamoja nami hapa mulangoni, akacheka, akaomba maji ya kunawa, na leo, Alhamisi tarehe 11 Julai 1957, tumekuja kumuzika.

Raphaël Bulaimu alizaliwa karibu na Lusangi tarehe 14 Machi 1921, muzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, akasoma kwa mapadri Kasongo toka mwaka 1929 mpaka 1935, na mwaka 1937 akaingia garaji palepale Kasongo, kwanza kuosha magari, kisha kushika funguo na moteri, mpaka alipopata ruhusa ya kuendesha tarehe 2 Mei 1944.

Tarehe 6 Januari 1945 alimuoa Pascaline, binti wa Kabambare, wakazaa watoto watano, wa tatu akachukuliwa na surua mwaka 1951, wanne wako hapa mbele yenu, na mudogo kabisa angali anauliza baba atarudi saa ngapi.

Mwaka 1948 alipewa jipi ya kazi ya kilimo, akawa akipeleka watu na mbegu kati ya Kasongo na Kabambare, na siku ya Jumatatu tarehe 4 Agosti 1952, akifuata kamyo ya mizigo kwa karibu katika vumbi, jiwe liliruka toka magurudumu ya nyuma, likapasua kioo cha mbele, na kipande kimoja kikaingia katika jicho la kuume la Grégoire, enfirmie, yaani muuguzi, aliyekaa kando yake. Grégoire yuko hapa, mumuone, ni yeye aliyeniambia kwamba kaka yangu alipiga magoti karibu na kitanda chake akisema: “Kioo kitaagizwa Albertville, lakini jicho lako, ndugu yangu, nitaliagiza wapi?”

Toka siku ile alibadilika kabisa, hakufuata tena gari mpaka vumbi lake litulie, akikutana na kamyo alipunguza mwendo na kusogea pembeni, wakati wa jua kali hakumwaga maji baridi juu ya kioo chenye moto, na kwa vile alijua kwamba mashimo yanakunja chuma na chuma kinauma kioo, alikata mupira wa ndani wa gurudumu kuukuu akauweka vizuri kuzunguka kioo chote. Alikata pia vipande vya matairi yaliyochakaa, akavifunga nyuma ya magurudumu ya kamyo za watu wengine vizuie mawe, bila kuombwa, kwani alisema kioo chako kinachungwa na yule aliye mbele yako. Mashofere walimucheka, wakasema, “Bulaimu anaogopa hata changarawe,” na yeye akajibu, “Ndiyo, naogopa sana,” akaendelea kufunga, na kwa miaka mitano hakupasua kioo kingine.

Wandugu, hapa ndipo maneno yanagoma, kwa sababu desturi inataka niseme juu ya ugonjwa, na kaka yangu hakuugua.

Juzi, Jumanne tarehe 9, karibu saa nne ya asubuhi, akitoka Kasongo na Grégoire, alikuta kamyo ya shofere mwenzake Assumani imesimama katika mupando wa kilima ikipoza moteri, akaona jiwe kubwa kama ngumi limebanwa kati ya matairi mawili ya nyuma, akasema, “Assumani, ukienda na hili utamutoboa mutu macho, ngoja nilitoe.” Aliweka gogo chini ya gurudumu, kama alivyofanya siku zote, akaingia chini na chuma chake, lakini gogo lile lilikuwa limeliwa na muchwa ndani, likavunjika, breki ya mukono ikashindwa, na kamyo ikarudi nyuma juu ya kifua chake. Assumani na Grégoire walimubeba, Assumani akaendesha jipi mwenyewe, na walipolifikia gari lingine njiani, marehemu, ambaye walidhani hasikii tena, alisema, “Acha nafasi,” kisha hakusema neno lingine, akakata roho saa sita kasoro kidogo mulangoni mwa dispanseri ya Kabambare.

Tunamushukuru daktari na masista waliojaribu, majirani waliochimba kaburi katika udongo mugumu wa kiangazi, wakubwa na wenzake wa kazi ya kilimo, na wandugu Waislamu wa Kasongo waliotuletea muchele na sanda.

Kuna mutu mumoja ambaye toka Jumanne amekaa nje ya lupango, ua wa nyumba hii, hakula, hakuingia, na wengine wenu mumepita mukimuangalia vibaya. Jana jioni niliwauliza wazee tufanye nini naye, na Pascaline, kutoka katika mukeka wake wa kilio, akasema: “Mwambieni Assumani aingie, akae kwa wanaume wa familia, kesho abebe jeneza upande wa kichwa.” Assumani, ndugu yetu, inuka uje, tunakungojea.

Na wewe kaka, njia yako imeisha, pumzika katika amani ya Mungu.