Tundu Aliloliacha Lemuel Preece

Mbele za Mungu aonaye hata kilichofichwa ndani ya ukuta, familia inawasomea maisha ya Lemuel Preece, aliyezaliwa tarehe 14 Oktoba 1931, kijijini Hollin Cross, Herefordshire, mdogo wa kaka yake Enoch, katika nyumba ya babu zao, yenye mifupa ya mwaloni na kuta za fito na udongo uliokandwa kwa majani makavu na samadi.

Alisoma shule ya kijiji hadi Julai 1945, akajifunza useremala kwa baba yake, akajua kuchonga ulimi wa mti na tundu la kuupokea, kuchora namba kwenye kila kiungo ili fremu iliyopangwa uani isimamishwe bila kukosea, na kukikaza kiungo kwa kigingi cha mwaloni, pasipo msumari.

Tarehe 7 Juni 1958 alimwoa Hester Gwilliam katika kanisa hili, wakajaliwa binti, Ruth, aliyeishi siku tatu, Aprili 1961.

Haifai kusema uongo mbele ya jeneza. Mei 1966, Enoch akiwa safarini, Lemuel aliubomoa udongo wa nyumba ile ile ya babu zao, alimoishi mama yao, akazipiga kuta zote simenti, apate kumkinga mama na baridi. Enoch aliporudi alipaza sauti, “Lem, nyumba hii inapumua, we umeiziba pua!” naye akajibu, “Kaa na samadi yako, kaka, dunia imeshahama!” Maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea, yakaula mwaloni kimyakimya kama dhambi isiyoungamwa, hata Januari 1979 boriti ya chini ikaoza, kona ya mashariki ikadidimia, mama akahamishiwa nyumba ya kupanga mjini Leominster, akafa humo tarehe 20 Machi, akiulizia dirisha lake. Tangu siku hiyo Enoch hakusema na Lemuel tena, ingawa kila Jumapili waliketi hapa, benchi moja nyuma ya jingine, nasi sote tuliona, tukaimba nyimbo zetu, tukanyamaza, Mungu atusamehe.

Hester alipofariki tarehe 2 Novemba 1985, Lemuel alihamia katika gofu lile la nyumba ya mama, peke yake, akaibandua simenti kwa patasi miaka kumi na mmoja, akaunga mwaloni mpya, akakanda udongo kwa miguu yake mwenyewe, na kila Jumamosi akaandaa chai ya vikombe viwili, kimoja kikapoa. Jirani yake, Bi. Beavan, alimuuliza, “Mbona tundu la kona hii halina kigingi, Bwana Preece?” Akamjibu, “Hilo la Enoch, mama. Mikono yangu imeshaharibu ya kutosha.”

Aliugua mapafu tangu Septemba 2003, akalazwa Hereford, akaitwa na Bwana alfajiri ya tarehe 9 Februari 2004, akiwa na miaka 72, kando ya kitanda hapakuwa na mtu ila muuguzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi. Beavan kwa supu yake, na maseremala wenzake waliolichonga jeneza hili bila msumari.

Nawe Enoch, uliyeketi benchi la tatu, kigingi cha tundu lile kiko juu ya jeneza, nyundo iko mlangoni mwa mama yenu, na Yule aliyeshika randa kule Nazareti anangoja kusikia mlio wa nyundo hiyo kabla jua halijatua.

Pumzika kwa amani, Lemuel, nyumba inapumua.