Rangi ya Kwanza ya Gari la Mzee Breki

Sogeeni, wanangu, na wewe unayeburuza kigoda kinyanyue, maana maneno haya yalisemwa kwa hasira na ukikosa moja utadhani ni ugomvi wa bure. Nje ya gereji palikuwa na benchi, ubao mmoja juu ya rimu mbili, na buli la kahawa katikati. Hapo alikaa Cheche, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa makovu, kikombe hajakigusa. Asubuhi hiyo alikuta gari la Mzee Breki, dereva mstaafu, lile walilokuwa wakilifufua, limepakwa bluu inayong'aa kama sahani mpya, na sakafu yake bado tundu tupu! Moto wa kuchomelea ungeibabua rangi yote ile. Na macho ya mzee, daktari alishasema, yalikuwa yanazimika. Mwezi, labda miwili.

— Nani alikutuma? Cheche alimfokea Mpulizo, fundi rangi.

— Wewe! Si ulisema, "Ipige rangi ya kwanza"?

— Ya kwanza, yaani ya chini! Ile ya kijivu, ya kuzuia kutu!

— Rangi ya kwanza ya hii gari ni bluu. Muulize mzee. Ilitoka dukani bluu.

— Wewe ulinyonyeshwa tina ya kuyeyushia rangi?

— Mficha uchi hazai, kaka. Ndiyo maana nimeifunika.

— Methali yenyewe inakukana, bwege we!

Kinyozi, aliyeshinda benchini kila siku kwa kukosa vichwa, akajitia kati.

— Mimi namuunga mkono Mpulizo. Rangi itangulie. Injini ikiona bodi imependeza, itaona haya, itawaka yenyewe.

— Injini ina macho?

— Zile taa za mbele ni nini? Mapambo?

Mpulizo akapata nguvu.

— Tena kutu ni mdudu! Ukimfunika rangi anakosa hewa, anakufa. Wiki mbili tu, bati linaota upya kama ngozi ya kidonda.

— Basi kajipake kichwani, ubongo uote!

Cheche alisimama kwa kishindo, kahawa ikamwagika miguuni mwa Kinyozi.

— Sakafu, puti ya kuziba mashimo, msasa, rangi mwisho! Miaka minne namwambia yule mzee, vumilia, rangi ni ya mwisho. Miaka minne! Sasa nikiwasha moto, bluu yote inababuka, na mpaka tukwangue tupake tena, mzee yuko gizani. Nisipowasha, siku akikanyaga klachi mguu unagusa barabara!

— Asiyesikia la mkuu huona makuu, alisema Kinyozi akijifuta miguu, na hakuna aliyejua anamwambia nani.

Hapo akatokea binti wa Mzee Breki, kitambaa begani, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba amesikia gari limepakwa rangi. Hajanywa hata chai. Anauliza, aje leo?

— Asije! Cheche alifoka. Mwambie haliendi! Halina sakafu!

Binti alimtazama, halafu akawatazama wote.

— Kwani aliwaambia anataka kuliendesha?

Mpulizo alimwangalia Kinyozi. Kinyozi alichungulia ndani ya buli kama jibu limezama humo. Cheche alishamuuliza mzee habari za breki, za milango, za pistoni, hata za kamba ya kufungia buti. Hilo hakuwahi. Hasira ikakosa mtu wa kumkalia, ikamrudia mwenyewe, na ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

— Kamlete, alisema, sauti bado kali. Kimbia!

Mzee alikuja ameshikwa mkono, miwani yake mizito usoni. Aliinama mpaka pua ikakaribia boneti, akalizunguka gari shubiri kwa shubiri.

— Niliendeshe? Kwa macho haya? Niue watoto wa watu? akacheka. Cheche, baba, mimi nilitaka kuiona tena rangi yake tu.

Akaitazama mpaka jua likawa utosini, na Cheche akasimama pembeni yake, taya zimekaza.

Mzee alipofariki, Kinyozi hakurithi kitu, akanuna mwaka mzima. Mpulizo alipata kofia ya mzee ya udereva. Miwani ilikwenda kwa Cheche. Gari alilichukua binti, bluu vilevile, sakafu wazi, na Cheche mpaka leo hajaruhusu mtu awashe moto karibu nalo.