Jina la Uwanja wa Corvaux

Benchi letu liko mbele ya kafe ya Odile, mkabala na stesheni iliyofungwa zamani. Jumamosi ile tulikuwa wanne, kila mtu na kikombe chake na karatasi ya manispaa mapajani. Manispaa ilitaka jina la mtu aliyeijenga dunia ya leo, mwanafikra au kiongozi, liwekwe kwenye uwanja tulipoketi. Kila mkazi aandike jina moja, na sanduku lingefungwa saa sita mchana. Wasiwasi wetu ulikuwa diwani. Yeye, mkewe na binti yao walishapiga kura tatu kwa jina la babu yake, mwenye kiwanda cha saruji. Watu wengine wachache waliojisumbua kupiga kura walitawanyika, kila mmoja na jina lake. Kura zetu nne zikikaa pamoja, tunamshinda. Tukigawanyika, tutakunywa kahawa kwa hisani ya saruji mpaka tufe.

— Napoleon, akasema Firmin. Hapo hakuna mjadala.

Firmin alikuwa fundi wa reli, na kwa jinsi anavyompenda Napoleon tunamwita Jenerali.

— Sheria za ndoa, za mirathi, za mpaka wa shamba lako na la jirani, nani alizikusanya kwenye kitabu kimoja?

— Wanasheria, akajibu Solange. Yeye aliwasimamia.

— Aliongoza vikao mwenyewe, mwalimu. Usimdhulumu marehemu.

— Na sheria hizo zilimwamuru mke amtii mume. Liandike jina hilo uone kama nitakaa tena benchi moja na wewe.

Solange alifundisha historia mpaka akastaafu, na nusu ya mji inamwita Chaki. Nusu nyingine bado inamwogopa.

— Basi tuandike Pasteur, akasema Anselme taratibu. Mtu wa amani, hakupigana na mtu.

Huyo ni mwoka mikate wetu wa zamani, jina la kijiweni Chachu, kwa hiyo hatukushangaa.

— Alipigana na vijidudu, nikasema.

— Na akashinda, Stempu. Jenerali wa Firmin alishindwa kwa theluji. Wangu aliona kwa hadubini yake kwamba chachu ni kitu kilicho hai. Toa ujuzi huo, mvinyo unachacha, maziwa yanaua. Sasa nikuulize, mvinyo ukichacha, harusi itafanyika?

— Itafanyika kwa maji.

— Haitafanyika. Wazee wa pande mbili watakaa na maji, watatazamana bila ulevi, watajuana tabia, na kila upande utarudi kwake na mtoto wake. Sisi wote hapa tumezaliwa kwa sababu ya Pasteur.

— Mimi wazazi wangu hawakunywa, akasema Firmin.

— Ndiyo maana uko hivyo ulivyo.

Solange alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikaona mwanya wangu. Mimi niligawa barua Corvaux kwa miaka thelathini na moja, ndiyo maana naitwa Stempu, na ukizunguka na karatasi begani muda wote huo, mtu wako ni mmoja tu.

— Gutenberg, nikasema. Mnabishana juu ya karatasi iliyopigwa chapa na hamumwoni aliyeleta mashine yenyewe huku Ulaya. Bila yeye hakuna gazeti, hakuna kitabu cha sheria cha Napoleon, hata Pasteur angewaeleza watu habari za vijidudu nyumba kwa nyumba.

— Na huyo alikuwa Mjerumani, akasema Firmin.

— Wako alizaliwa kisiwani.

— Kisiwa chetu, bwana.

— Mnajipiga chenga wenyewe, akaingilia Solange. Andikeni Marie Curie. Tuzo mbili za Nobel, na wakati wa vita akapeleka magari ya eksirei karibu na mapigano, kutafuta risasi kwenye miili ya wanaume wenu. Napoleon aliziingiza risasi. Huyu alisaidia kuzitoa.

Firmin alikunja karatasi yake, akaifunua, akaikunja tena. Ilikuwa imebaki robo saa. Kila mtu alishamtukuza mtu wake kiasi kwamba kurudi nyuma ilikuwa aibu. Anselme alikuwa anaanza kudai kwamba hata ndege zinapaa kwa kanuni za unga kuumuka, ndipo mama mmoja akasimama mbele yetu na kikapu. Alikuwa Maëlle, nesi mpya wa zahanati, aliyehamia wiki ile kutoka mji wa Brest.

— Samahanini wazee wangu. Najaza fomu ya anwani. Uwanja huu unaitwaje kwa sasa?

Firmin alinitazama. Solange alinitazama. Anselme naye akanitazama, na nikahisi masikio yanawaka. Barua zote za hapa ziliandikwa “Kafe ya Odile, Corvaux”, basi. Mlango uwanjani ni huu mmoja tu.

— Sijui, nikasema.

— Wewe Stempu?

— Nimesema sijui.

Odile alitoka na kitambaa mkononi, akasema aliwahi kuona kibao ukutani mwa stesheni, utotoni mwake, kabla majani hayajatambaa. Tukavuka. Anselme alipanda juu ya jiwe, Firmin akamshika miguu huku akilalamika uzito, na majani yakang'olewa mpaka kikatokea kibao cha bluu kilicholiwa na kutu.

Solange ndiye aliyekisoma, kwa sauti ya darasani.

— Uwanja wa Léonie Tissot. Mwalimu wa shule. Elfu moja mia nane sabini na moja mpaka elfu moja mia tisa thelathini na nne.

— Alifanya nini? akauliza nesi.

Hakuna aliyejua. Solange alifundisha katika shule hiyohiyo ya Corvaux kwa miaka ishirini na sita, na nilimwona akipangusa herufi za jina lile kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama anayeomba radhi.

— Zimebaki dakika sita, akasema. Nipeni kalamu.

Tuliandika tukiwa tumeegemea ukuta, kisha tukaenda manispaa kwa mwendo wa wazee wanaojaribu kukimbia. Tulitumbukiza karatasi nne. Saa sita karani akamwaga sanduku mezani, akahesabu mbele yetu. Saruji kura tatu. Akafika kwenye zetu, akazipanga pamoja, akavua miwani.

— Huyu Tissot ni nani?

Nilisubiri mwalimu ajibu. Akajibu Anselme, bado anahema, majani yamemganda kwenye sweta.

— Alimfundisha bibi yangu kusoma.

Hakuwa na ushahidi wowote. Firmin, ambaye hajawahi kuacha neno la Anselme lipite bure, alitikisa kichwa kukubali, na karani akaandika.