Mama Tahadhari, Mgonjwa wa Kila Jumamosi

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Tahadhari, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mkunga. Wajomba walidai kwamba alikuja duniani amefumba macho, akakataa kuyafumbua mpaka mlango ulipofungwa. Ushahidi hatuna, lakini waliomfahamu hawatabisha.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, akamaliza mwaka 1965, kisha akaingia chuo cha ushonaji. Siku ya kwanza sindano ilimchoma kidole, akaona tone la damu, akaanguka puu. Hata hivyo alihitimu, na kwa zaidi ya miaka thelathini alishona sare za shule katika chumba cha kupanga karibu na soko. Kila jioni alifunga mlango, akafika kona, akarudi kuhakikisha kwamba pasi imezimwa.

Mwaka 1974 aliolewa na fundi umeme, yeye ambaye hata swichi aliibonyeza kwa mpini wa mwiko. Baba alikuwa akimwambia, "Wewe ogopa tu, kutengeneza niachie mimi." Waliishi hivyo kwa raha, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Juni 2015 baba alianguka jikoni. Mama alishika kichwa, akabaki amesimama tu. Alisimama hivyo hivyo hadi jirani alipoingia, na baba alikuwa ameshatutoka. Daktari alisema hakuna ambalo mama angeweza kufanya. Mama hakumwamini. Tangu siku hiyo hofu zake zote zilizidiwa na moja: kwamba mtu mwingine ataanguka mbele yake, naye atasimama tu.

Ndiyo maana Jumamosi ya tarehe 14 Januari 2017, alipompeleka mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, ambaye mama alimtania kwa kumwita "mke mwenzangu", kujiandikisha katika kikundi cha vijana cha huduma ya kwanza, hakuondoka. Nesi mstaafu aliyewafundisha alisema kikundi kinahitaji pia watu wazima wa kujitolea.

"Wewe dada, unaweza nini?"

"Mimi? Kuogopa."

"Haya, tumeshapata mgonjwa!"

Basi kwa miaka mitano mama alivunjika miguu, akaungua, akazimia, yote ya mazoezi. Kila Jumamosi moyo ulimwenda mbio kabla hajatoka nyumbani, na kila Jumamosi alikwenda. Kwa kuwa tahadhari haikumwacha, kabla ya kuzimia alivua miwani, akaiweka kwenye kikasha chake, ndipo akaanguka polepole. Vijana walicheka hadi machozi.

Tarehe 6 Agosti 2022, katikati ya mazoezi, alianguka kwa kishindo. Vijana wakapiga makofi. "Leo bibi ametia fora!" Mjukuu wake alimtazama usoni, akapiga kelele.

"Nyamazeni! Hajavua miwani!"

Huku analia, alimlaza kwa ubavu, akamlegezea nguo shingoni, akamtuma mwenzake kuita gari la wagonjwa. Hakusimama tu.

Kilikuwa kiharusi. Hospitalini mama alipata nafuu ya kusema maneno machache, na mjukuu akauliza lililokuwa likimnyima usingizi.

"Bibi, nilichelewa?"

"Uliogopa?"

"Sana, bibi."

"Lakini ulikuja."

Kiharusi cha pili kilimchukua asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Agosti 2022, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mmoja, na kikundi kizima cha vijana wasio na mgonjwa. Binti yake mkubwa, huyu anayewasomea haya, amejiandikisha kushika nafasi hiyo. Anaogopa damu vilevile.

Asubuhi ya leo tulimvalisha mama na miwani yake, maana hatujazoea kumwona bila miwani. Mjukuu wake akaomba aivue. Akaikunja, akaiweka kwenye kikasha, akatugeukia sote tuliokuwa tukilia.

"Msiogope," akasema. "Sasa bibi haumwi."

Alale kwa amani mama yetu. Pasi tumeizima.