Daraja la Tatu Si la Treni

Shikamooni wazee. Nanyi wenzangu wa darasani mliojazana kule nyuma, tulieni, leo sichekeshi. Sana. Mama akisimama analia, mimi nikisimama watu wanacheka, kwa hiyo kasema shukrani nizitoe mimi.

Mwaka jana aliona uvimbe kwenye titi. Ndiyo, nimesema titi mbele ya mchungaji na shehe. Wote wawili walinyonya. Hospitali wakamkata kinyama kidogo, wakakitia kwenye chupa ya dawa, kikapelekwa Dar es Salaam kuangaliwa kwa darubini. Katika ukoo wetu, kinyama kile ndicho cha kwanza kufika Dar.

Majibu yakarudi. Daktari, mgeni wa Kiswahili, akasema, "Saratani. Daraja la tatu. Rudini upesi tuitoe."

Ndugu zangu, nawaambia, sisi ni watu wa Itigi. Baba kabeba mizigo stesheni tangu ujana. Daraja la tatu tunalijua: mabenchi ya mbao, kuku, na sisi.

Baba akashusha pumzi. "Mama watoto, la tatu ni letu sisi. Lingekuwa la kwanza ningeogopa."

"Basi tumalize mtama kwanza," mama akasema.

Tukavuna. Uvimbe nao ukavuna. Mkono wa upande ule ukagoma kuinuka, mama akaacha kuimba akitwanga.

Siku nesi wa chanjo alipokuja kijijini, mama akamtania: "Mimi ni wa daraja la tatu tu, mwanangu."

Nesi akaweka sindano chini. "Mama, hiyo 'tu' umeitoa wapi?"

"Kwenye treni."

Nesi hakucheka. "Darubini inatazama chembe za uvimbe. Daraja la kwanza, bado zinafanana na za titi, zinakwenda polepole. La tatu zimepoteza sura, zinazaana mbio."

Baba alikuwa mlangoni. "Na la nne?"

"Hakuna la nne, baba."

Akakaa chini palepale, kwenye vumbi.

Kesho yake mama alipanda lori la kijiji. Wakatoa titi lote na tezi za kwapani, navyo vikapimwa. Daktari akasema, "Hatua ya pili." Safari hii baba akamkatiza: "Kupanda ni kuzuri au kubaya?"

Kubaya. Hatua, akasema, ni umbali uvimbe uliofika: umeingia kwapani, kwingine hawajauona. Tungekwenda kabla ya mavuno, pengine usingefika huko. Hakuna ajuaye, na nyumbani hakuna anayeuliza.

Asanteni kina mama mliolima zamu yake kwenye shamba la kijiji. Asante, dereva, kwa kuyakwepa mashimo. Asante, nesi, kwa kutocheka.

Nanyi mkitajiwa namba na daktari, msitoke kabla hamjamwuliza inapanda kuelekea wapi.

Mama yule pale, benchi la mbele kabisa, ambalo ni la wazee, wala si lake. Nilimtafutia nafasi benchi la tatu, akalipita kwenda mbele.