Kiapo Kinaisha Jumapili

Ndani ya basi dogo la mji wa Puebla, Mexico, Eleuterio alishika kadi aliyoandikiwa na padri: miezi sita bila pombe, kwa kiapo mbele ya Bikira Maria. Kiapo kilikuwa kinaisha Jumapili, na Jumatatu ilimtisha kama mbwa mkali.

"Mama, wale wanaosaidiana kuacha pombe hukutana wapi?" akamuuliza mwanamke aliyeketi kando yake.

"Nyuma ya soko. Mume wangu huenda. Wao huahidi siku ya leo tu."

"Leo tu? Nikienda, Bikira si ataona simwamini?"

"We baba, unamwogopa Bikira au chupa?"

"Vyote."

"Basi kaape tena kanisani."

"Si umesema niende sokoni?"

"Uliniuliza wapi. Hukuniuliza kama uende."

Basi likasimama. Eleuterio akashuka, akaduwaa barabarani mbele ya basi, kanisa kushoto, soko kulia.

"Pita popote, mzee," dereva akafoka, "lakini pita!"