Baba Yetu, Mtambuzi wa Sauti ya Bata

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akamaliza sekondari, akajifunza ufundi wa redio, na tarehe 2 Juni 1973 akaajiriwa katika kituo cha serikali cha kusikiliza redio za masafa mafupi, ambako kazi yake ilikuwa kutambua sauti zilizovurugwa makusudi ili asiyehusika asielewe neno, akijua kwa mlio tu zinatoka kwa nani, hata wenzake wakambandika jina la Masikio.

Alimwoa mama yetu tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefanikiwa kumdanganya kwamba amelala.

Mwaka 1988 mkuu wa zamu alimpa kazi ya kuitafuta sauti iliyolia kama bata aliyekabwa koo, ambayo wote waliapa inatoka nchi ya mbali, lakini Baba akagundua kwamba kila umeme wa jengo lao ulipokatika, redio yake ya betri ilinasa stesheni zote isipokuwa Bata, kumbe ni wakubwa wake mwenyewe waliokuwa wakisemezana kwa siri kutoka ghorofa ya juu, naye kwa uaminifu wake usio na breki akapanda ngazi kuwapa taarifa.

Hakuadhibiwa, alipandishwa cheo, akapewa nyumba nzuri ndani ya uzio wa kituo, Mama akapiga vigelegele, na tangu hapo hatukutoka bila kuandikwa getini, wageni wakapungua, likizo zikafutwa, na kila alipoomba kustaafu afungue kibanda cha kutengeneza redio aliambiwa bado anahitajika, ingawa walishamwachia meza tupu. Niliichukia nyumba ile, na bado naichukia. Habari hizi za Bata alininong'oneza siku ya harusi yangu, muziki ukiwa juu.

Alianza kuugua moyo Februari 2019, akalazwa, akafariki tarehe 6 Mei.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, pamoja na wafanyakazi wenzake wawili walioketi safu ya nyuma, ambao walipokezana kando ya kitanda chake, wakiinama kila alipoweweseka, wasikie kama atamtaja Bata. Baba hakumtaja, nimemtaja mimi, mbele ya watu wote hawa.

Lala salama, Baba.